Rangi ya Skrini kwa Kuta Kubwa za Makumbusho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila makumbusho inapoamua kuonyesha picha au filamu kubwa ukutani, maswali huwa ni yale yale. Nimeyapanga kwa namba ili jibu moja likupeleke kwa jingine. Mengi yametoka kwa wenzetu wa pwani, ndiyo maana joto, unyevu na kuta za mawe ya matumbawe vimepewa nafasi yake.

## Mambo ya msingi

1. Rangi ya skrini ni nini, na inatofautianaje na rangi ya maji ya kawaida?

Ni rangi ya maji iliyotengenezwa ili ukuta uusambaze mwanga wa projekta sawasawa kila upande, bila kung'aa na bila kugeuza rangi za picha. Weupe wake hutokana na titani dioksidi, poda ile ile inayotumika katika rangi za nyumba. Kinachoitofautisha ni kwamba haina mng'ao, haielekei krimu wala buluu, na kopo la leo linafanana na la mwakani. Aina nyingine huongezewa chembe zinazorudisha mwanga mwingi zaidi mbele. Hizo nimezieleza katika swali la 3.

2. Rangi nyeupe ya dukani haitoshi?

Mara nyingi inatosha. Ukipata nyeupe tupu isiyong'aa kabisa, ukaipaka kwenye ukuta ulionyooka ndani ya chumba chenye giza, wageni wengi hawataona tofauti. Pesa uliyookoa ielekeze kwenye mapazia na skimu, yaani lipu laini ya kunyoosha ukuta.

Ninachokiona kikiharibu kazi mara kwa mara ni silki, yaani rangi ya ukuta yenye mng'ao. Fundi huipendekeza kwa nia njema kwa sababu inafutika kwa kitambaa, lakini mng'ao wake huweka doa la mwanga katikati ya picha, na doa hilo linahama kila mgeni anapopiga hatua. Kingine ni nyeupe ambayo si nyeupe. Yenye krimu huzifanya sura za watu kuwa za manjano, na nyingine hutiwa tone la buluu ili ionekane kali machoni. Kabla ya kununua, paka kibao cha nusu mita, kikauke, kisha kimulike kwa picha ya kijivu kitupu na uweke kando yake kadi ya kijivu ya wapiga picha. Macho yatakwambia.

Rangi maalumu inastahili bei yake pale uaminifu wa rangi ndio maonyesho yenyewe: michoro, picha za zamani, kanga na vitambaa vilivyopigwa picha kwa karibu. Inafaa pia kama unajua utahitaji rangi hiyo hiyo baada ya miaka miwili.

3. "Geini" iliyoandikwa kwenye kopo ina maana gani?

Ni namba inayolinganisha mwanga unaorudi kwa mtazamaji aliyesimama mbele na ule ambao ukuta mweupe usiong'aa ungeurudisha. Ukuta huo wa mfano huhesabiwa kuwa 1.0. Kopo lenye 1.5 halizalishi mwanga mpya. Linauchukua wa pembeni na kuupeleka katikati.

Kwenye sinema watu wamekaa, hivyo hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwenye makumbusho watu wanatembea, wanaingia kwa mlango wa pembeni, na watoto wa shule wanajipanga safu kutoka kona hadi kona. Chagua rangi iliyo karibu na 1.0. Ukitumia projekta zaidi ya moja, hili halina mjadala (tazama swali la 10).

4. Nyeupe au kijivu? Nimeambiwa kijivu kinaokoa picha kwenye ukumbi wenye mwanga.

Hili ndilo swali linalowagharimu watu pesa nyingi kuliko yote. Kijivu kisichong'aa kinapunguza mwanga wa projekta na mwanga wa dirishani kwa kiwango kile kile. Uwiano kati ya hivyo viwili haubadiliki. Kama dirisha lilikuwa linaimeza picha kwenye ukuta mweupe, litaimeza kwenye wa kijivu pia, ila sasa picha itakuwa na giza zaidi.

Kijivu kina kazi mbili halali. Ya kwanza, projekta yenyewe haiwezi kuzima mwanga kabisa, na "nyeusi" yake huwa ukungu wa kijivu, kwa hiyo ukuta mweusi kidogo huuzamisha ukungu huo. Ya pili ni kwenye chumba chembamba chenye kuta nyeupe pande zote: mwanga wa picha huruka kutoka ukuta huu hadi ule na kurudi kuififisha picha yenyewe, na kijivu hupunguza mchezo huo. Katika hali zote mbili utahitaji projekta yenye nguvu zaidi kufidia.

Skrini zinazokataa mwanga wa pembeni zipo, lakini hufanya hivyo kwa vijimifereji na matabaka yaliyotengenezwa kiwandani. Rola na kopo haviwezi kuunda kitu hicho.

## Ukuta na fundi

5. Ukuta unatakiwa kunyooka kiasi gani?

Kuliko fundi wako anavyodhani. Zima taa, egemeza tochi ukutani ili mwanga uparuze juu ya uso wake, kisha tembea nayo taratibu. Kila kibonde kitatupa kivuli, na kila alama ya mwiko itaonekana kama kovu. Zungushia kila kivuli kwa penseli, piga skimu, pitisha msasa wa 120, kisha wa 220, ondoa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu rudia tochi.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Tulipaka ukuta wa mita saba katika ukumbi mmoja, na mchana ulionekana kama ganda la yai. Jioni tukafunga mapazia, tukawasha filamu ya bahari. Kamera ilipoanza kusogea juu ya maji, mistari sita ya rola ikabaki imesimama palepale, na bahari ikawa inapita nyuma yake kama nyuma ya kimia. Picha iliyotulia ilikuwa imeificha mistari hiyo, picha inayotembea ikaianika yote. Tulipiga msasa ukuta mzima usiku ule.

Chengachenga ndogo za rola hazisumbui sana. Picha ya upana wa mita 8 yenye nukta 1,920 ina nukta za milimita 4 hivi, kubwa kuliko punje yoyote ya rangi. Kinachoumiza ni mawimbi mapana, hasa kwa projekta zinazowekwa chini kabisa ya ukuta na kurusha mwanga kwa mshazari. Kwa hizo, kibonde cha milimita mbili kinapinda mstari mzima wa maandishi.

6. Ukuta umepigwa lipu mpya ya saruji. Nisubiri muda gani?

Wiki nne, na masika zaidi ya hapo. Saruji mbichi ina ukali wa alkali unaoila rangi na kutoa madoa. Bandika kipande cha nailoni cha mita moja ukutani kwa tepu pande zote nne usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande ndani yake, ukuta bado una maji. Ukikauka, anza na praima, yaani rangi ya chini ya kutangulia, inayohimili alkali. Usiiruke, kwa sababu ukuta unaonyonya kwa viwango tofauti huacha mabaka hata kwa rangi bora.

7. Rola au kunyunyizia kwa mashine?

Mashine hutoa uso laini zaidi, lakini inahitaji mkono uliozoea, na ukumbi mzima ufunikwe kwa nailoni. Fundi mzuri wa rola namwamini kuliko mwenye mashine anayejifunza kwenye ukuta wako.

Kwa rola, tumia yenye manyoya mafupi, ya milimita 10 au pungufu. Osha rola mpya kabla ya kuanza ili iachie nyuzi zake. Wawe mafundi wawili: mmoja anapakaza, mwingine anafuata nyuma na kumalizia kwa mapito mepesi ya juu hadi chini, upande mmoja tu. Wasisimame katikati ya ukuta kwa chai wala simu, maana pale rangi ilipokaukia ndipo patakapoonekana mshono. Zima feni na kiyoyozi wakati wa kupaka, viwashe baadaye. Mikono miwili ya rangi juu ya praima hutosha, wa tatu ukitumia kijivu.

8. Ninunue lita ngapi?

Rangi nyingi za maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Rangi maalumu hutofautiana, kwa hiyo soma kopo. Ukuta wa mita 8 kwa 4.5 una mita za mraba 36. Mikono miwili ni lita 7 hivi, nami ningenunua 10. Zote ziwe za toleo moja, na zimwagwe kwenye ndoo moja kubwa na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza. Lita zitakazobaki zifungwe vizuri, ziandikwe tarehe na jina la ukumbi. Utazihitaji (swali la 13).

## Mwanga na projekta

9. Projekta ya lumeni ngapi inafaa?

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye projekta. Gawanya lumeni kwa mita za mraba za picha, upate laksi, yaani mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Projekta ya lumeni 7,000 juu ya ukuta wetu wa mita za mraba 36 inatoa laksi 194 hivi. Kwenye rangi ya geini 1.0 hiyo ni takriban kandela 62 kwa mita ya mraba, kipimo cha mwangaza ambao jicho linauona ukutani, na sinema za kidijitali hulenga 48. Inaonekana ni nyingi, lakini taa huchoka na mpangilio sahihi wa rangi hula mwanga. Mimi hukata theluthi tangu mwanzo na kuhesabu kilichobaki.

Sasa weka mwanga wa ukumbi. Makumbusho nyingi huruhusu laksi 50 tu kwenye nguo na karatasi, na tunauita huo mwanga hafifu. Laksi hizo 50 zikimwagikia ukutani, sehemu nyeupe kabisa ya picha inakuwa mara tano tu ya sehemu nyeusi. Usiku wa baharini unageuka maziwa. Zikipungua hadi 5, uwiano unapanda hadi mara 40. Hakuna rangi inayoweza kukupa ongezeko kama hilo. Elekeza taa za vitu mbali na ukuta, zivalishe vikofia, funga mapazia mazito, na ndipo uulize bei ya projekta.

10. Tunataka picha ndefu ya projekta mbili au tatu. Rangi ina uhusiano wowote na mshono?

Uhusiano mkubwa. Projekta hupishanishwa, kila moja ikiingia ndani ya eneo la jirani yake kwa asilimia 10 hadi 25 ya upana, na programu hufifisha kingo ili jumla ya mwanga ibaki sawa. Hesabu hiyo inategemea ukuta unaorudisha mwanga sawa kila upande. Ukipaka rangi ya geini kubwa, mwanga wa projekta ya kushoto utamfikia mgeni kwa kiasi tofauti na wa kulia, na mshono uliousawazisha ukiwa umesimama katikati utajitokeza mara anaposogea hatua nne.

Kosa hili halirekebishiki kwenye kompyuta. Ukuta hupakwa upya.

11. Kwa nini picha inaonekana tena sakafuni?

Vigae. Kumbi zetu nyingi zina vigae vyeupe vinavyong'aa, na hivyo huirudisha picha kama kioo, kisha mwanga wake hupanda tena ukutani. Tandika zulia jeusi au mkeka mzito wa rangi ya kukoza, mita mbili au tatu kutoka ukutani. Dari iliyo juu ya picha na kuta za pembeni zipakwe kijivu cha kukoza au nyeusi isiyong'aa. Kingo za picha nazo zizungushiwe mkanda mweusi wa sentimita 10, kwa rangi au kwa mahameli. Jicho huipima nyeupe kwa kilicho kando yake, na mkanda huo unaiinua picha nzima kwa gharama ndogo sana.

## Wakati wa maonyesho

12. Vitu vya kale vinaweza kuingizwa lini baada ya kupaka?

Rangi kukauka mkononi ni saa mbili. Kuacha kutoa mvuke ni jambo jingine, linalochukua wiki. Mvuke huo unaweza kuchafua fedha, shaba, karatasi na ngozi, hasa ndani ya kabati lililofungwa. Acha wiki nne zenye hewa ya kutosha kabla vitu havijarudi, na usipake rangi ya mafuta kwenye chumba cha maonyesho. Vibao vya mbao iliyosagwa na gundi huendelea kutoa gesi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo visikae karibu na kabati.

Kama ukuta una rangi ya zamani sana, usiipige msasa mkavu kabla haijapimwa kama ina madini ya risasi.

13. Watoto wanagusa ukuta. Tufanye nini?

Watagusa, na wana haki ya kuvutiwa. Anzisha picha mita moja juu ya sakafu, weka kizuizi cha chini au benchi umbali wa hatua moja. Alama ndogo jaribu kuifuta kwa kitambaa laini kikavu. Usisugue, kwa sababu rangi isiyong'aa ikisuguliwa huanza kung'aa pale pale. Kiraka cha brashi nacho kitaonekana kila siku. Ukilazimika kupaka, chukua zile lita ulizohifadhi na upake ukuta mzima kutoka kona hadi kona.

14. Mijusi inakuja ukutani kila jioni.

Inafuata wadudu, na wadudu wanafuata mwanga. Kinyesi chake huacha doa jeusi ambalo kitambaa kikavu hakiliondoi. Ziba nafasi za juu ya milango na kati ya dari na ukuta, weka wavu madirishani, na zima projekta mara ukumbi unapofungwa badala ya kuiacha na picha ya kusubiri. Doa likiwa bichi liache likauke, ulikwangue kwa kadi ya plastiki.

## Majengo ya kale na hali za pekee

15. Makumbusho yetu iko ndani ya jengo la kale la mawe na chokaa. Tunaweza kupaka ukuta wake?

Tafadhali, hapana. Ngome ya Yesu ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1593, nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Kuta hizi hupandisha unyevu na chumvi kutoka ardhini, na huutoa unyevu huo kupitia uso wake. Rangi ya plastiki, hata iwe bora namna gani, inaziba uso. Maji yakitafuta njia, chumvi inagandia nyuma ya rangi, inavimba, na lipu ya zamani inadondoka ikiwa imeshikana na ngozi ya rangi. Nimeokota vipande hivyo sakafuni: upande mmoja mweupe na laini, upande wa pili chokaa iliyopondwa na mafundi ambao hatuwajui majina. Hakuna kopo linalorudisha kile.

Jengeni ukuta wa kujitegemea mbele yake: fremu ya chuma au mbao, vibao vya jipsamu, miguu yenye uzito wa kuisimamisha bila msumari hata mmoja ukutani. Acheni nafasi ya sentimita 10 au zaidi nyuma, wazi juu na chini, hewa ipite. Fremu hiyo inakupa uso ulionyooka kuliko ukuta wa kale ungewahi kunyooka, na maonyesho yakiisha inaondoka. Kumbuka pia kwamba Mji Mkongwe, Lamu na Ngome ya Yesu vimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, 2001 na 2011, kwa hiyo kibali cha mamlaka ya mambo ya kale ni lazima hata kwa fremu.

16. Na kama tukitumia chokaa yenyewe kama rangi ya skrini?

Swali hili nalipenda sana. Chokaa ni nyeupe, haing'ai kabisa, inaacha ukuta upumue, na ndiyo iliyokuwa ikipakwa kwenye kuta hizo. Huko Les Baux-de-Provence, Ufaransa, picha kubwa huonyeshwa ndani ya machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, na jiwe lenyewe ndilo skrini.

Mhifadhi wa jengo akikubali, lowesha ukuta, paka mikono minne au mitano myepesi kwa brashi pana, siku moja kati ya mkono na mkono. Ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu, na mafundi wageni huizidisha kwa hofu. Vumilia, weupe unakuja inapokauka. Ina kasoro zake: humwachia unga begani anayeiegemea, na mawimbi ya ukuta wa kale hubaki. Kwa hiyo onyesha picha pana zinazotembea, bahari, umati wa watu, ramani bila maandishi madogo. Maelezo ya kusoma yawekwe kwenye kibao kando.

17. Ukuta uliopinda au kuba?

Ukuta uliopinda kidogo kwa nje hauna shida na rangi. Uliopinda kwa ndani, na zaidi kuba, hujimulika wenyewe: upande mmoja ukiwa na picha nyeupe, upande wa pili unafifia. Ndiyo sababu makuba ya kuonyeshea nyota hupakwa kijivu. Sababu ni ile ile ya chumba chembamba katika swali la 4.

18. Tunaweza kurusha picha kwa nyuma ya kioo?

Ndiyo, kwa rangi maalumu inayopitisha mwanga, inayonyunyiziwa kwa mashine juu ya kioo au akriliki. Rola huacha mabaka. Rangi zote zilizotajwa hapo juu hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa zimetengenezwa kuuzuia mwanga usipite.

19. Na ukuta wa nje, kwa usiku mmoja wa tamasha?

Usipake chochote. Subiri giza kamili, omba taa za barabarani zilizo karibu zizimwe kwa saa hizo, na utundike kitambaa cheupe kizito kilichovutwa kwa kamba pande zote. Upepo wa kusi ukivuma, ongeza kamba za chini.